Pufya riadhani: maswali tunayoulizwa kila mara

Bingwa mwingine wa Kenya akifungiwa, mashabiki huuliza yaleyale: alitumia nini, alinaswaje, na rekodi yake je? Wanariadha nao wana maswali yao, ambayo huulizwa kwa sauti ya chini: dawa ya mafua, sindano ya goti, dripu ya malaria. Tumeyajibu yote hapa, ila haya ya pili tumeyapa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko wengi huponzwa.

Pufya ni kitu gani hasa?

Ni dawa au mbinu yoyote iliyo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, lililoundwa mwaka 1999 na lenye makao makuu Montreal, Kanada. Orodha mpya huanza kutumika kila Januari 1. Kitu huingizwa humo kikitimiza masharti mawili kati ya matatu: kiwe kinaongeza uwezo wa mchezaji au kinaweza kuuongeza, kiwe kinahatarisha afya, au kiwe kinakiuka maadili ya michezo.

Wengi hufikiria sindano za kujaza kifua tu. Lakini orodhani zimo dawa za moyo, za shinikizo la damu na za pumu, na hata mbinu isiyo na dawa yoyote ndani yake, kama kujiongezea damu. Kuwakwepa wapimaji, kughushi hati na kusambaza dawa ni makosa pia, na msambazaji anaweza kufungiwa maisha.

Wakimbiaji wetu hunaswa na nini zaidi?

Majina yanayojirudia ni machache: EPO, nandroloni na testosteroni (homoni za kujenga misuli), na triamsinoloni (dawa ya kupunguza uvimbe). Miaka ya karibuni zimejitokeza pia dawa za kuongeza mkojo na trimetazidini, ambayo kwa kawaida huandikiwa wagonjwa wa moyo.

EPO ndiyo iliyowaangusha wakubwa. Ni homoni ambayo figo zetu hutengeneza zenyewe ili kuuamrisha uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu za damu. Ile ya kiwandani ilikusudiwa wagonjwa wa figo wanaoishiwa damu, na Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1989. Mkimbiaji akijidunga, damu yake inabeba oksijeni nyingi zaidi, na mwendo uliokuwa ukimkata pumzi kwenye kilomita ya 30 anauhimili hadi utepeni. Rita Jeptoo, aliyefika wa kwanza marathoni ya Boston mara tatu na ya Chicago mara mbili, alipatikana nayo mwaka 2014. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016, alipatikana nayo miezi michache baadaye. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu, sampuli yake ya Novemba 2017 ilikuwa nayo.

Ubaya wa EPO ni kwamba damu inakuwa nzito. Mtu amekimbia, ameishiwa maji mwilini, kisha amelala na moyo umepunguza mapigo. Hapo ndipo damu huganda kwenye mshipa. Dawa yenyewe inatakiwa kuwekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ile inayouzwa kichochoroni ikiwa imefungwa kwenye gazeti, hakuna ajuaye imepitia wapi wala ndani mna nini.

Mtu aliyezaliwa Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, EPO ya nini?

Swali zuri, na kwa miaka mingi lilitumika kama utetezi: hewa yetu nyepesi ndiyo EPO yetu. Ni kweli kwamba kuishi mahali pa juu huongeza chembe nyekundu. Si kweli kwamba ukiishi huko umefika kikomo. Watafiti waliwahi kuwapa EPO wakimbiaji Wakenya wa kujitolea waliokuwa wakiishi nyanda za juu kwa wiki nne, na muda wao wa mita 3,000 ukashuka, kama ulivyoshuka kwa Wazungu waliopewa dawa hiyo usawa wa bahari. Kwenye marathoni, asilimia 1 tu ni zaidi ya dakika nzima. Hesabu hiyo kila kocha anaijua.

Daktari alinidunga sindano ya goti. Je, niko salama?

Inategemea ni dawa gani, imedungwa wapi na lini. Tuliza roho uyasome haya polepole, kwa sababu hapa ndipo pameumiza wengi.

Sindano za maumivu zinazotolewa kwenye kliniki nyingi ni za jamii ya steroidi za kupunguza uvimbe: triamsinoloni (yenyewe maarufu kwa jina la Kenalog), deksamethasoni, prednisoloni na wenzake. Tangu Januari 1, 2022, sindano zote za jamii hii zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, ziwe za msulini, za kwenye kiungo au za mshipani. Vidonge vyake vilikuwa marufuku hata kabla ya hapo. Nje ya mashindano si kosa. Tatizo ni muda ambao dawa hukaa mwilini. Triamsinoloni ikidungwa kwenye kiungo, WADA inashauri zipite angalau siku 10 kabla ya kushindana. Ikidungwa kwenye msuli, yaani tako au bega, ni siku 60. Hiyo ni miezi miwili! Mtu anadungwa Agosti akisema mbio ziko Oktoba mapema, mbali sana, kisha anakojoa kwenye chupa dawa ikiwa bado inazunguka.

Diana Kipyokei alishinda Boston Marathon mwaka 2021, sampuli yake ikakutwa na triamsinoloni. Alipotakiwa kueleza, hati alizotoa zikaonekana si za kweli, na adhabu ikawa miaka 6. Yalimpata hayohayo Sumgong: miaka 4 ya EPO ikageuka 8 kwa sababu ya karatasi za hospitali za kughushi. Tumeona kesi nyingi za namna hii, na ushauri wetu ni mmoja: ukikosea, usitafute daktari wa kukuandikia barua ya jana. Wachunguzi huenda hospitalini na kufungua rejista wenyewe.

Pia tusidanganyane. Wapo waliodungwa kwa nia njema na wapo wanaotumia triamsinoloni makusudi, kwa sababu inapunguza uzito haraka na kuzima maumivu. Wote wawili hujitetea kwa maneno yaleyale, na ndiyo maana yule mkweli huwa na kazi ngumu.

Nimeshikwa na mafua na mbio ni Jumapili. Ninunue nini?

Parasetamoli ni halali, na kadhalika ibuprofeni. Angalia sana vidonge vya "kufungua pua": vingi vina sudoefedrini, ambayo ni marufuku siku ya mashindano ikizidi maikrogramu 150 kwa kila mililita ya mkojo. Efedrini kikomo chake ni 10. Tramadoli, ambayo wengine huinunua kienyeji kwa maumivu ya mgongo, imekuwa marufuku mashindanoni tangu Januari 2024.

Ukifika kemisti usiseme tu "nipe kitu cha mafua". Sema wewe ni mwanariadha, chukua pakiti yenye jina la dawa, uipige picha. Vidonge vilivyohesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ya khaki iliyoandikwa "1x3" havina ushahidi wowote ndani yake.

Na malaria je? Nikitundikiwa dripu?

Dawa za malaria, kwinini na za mseto, hazimo kwenye orodha. Dripu imo. Kuingiza zaidi ya mililita 100 za kitu chochote mshipani katika saa 12 ni marufuku wakati wote, hata yakiwa maji ya chumvi matupu, isipokuwa ikiwa ni sehemu halali ya matibabu hospitalini, upasuaji au uchunguzi wa daktari. Sababu ni kwamba maji hayo huzimua damu na kuficha mengine.

Kwa hiyo ukilazwa na malaria kali ukatundikiwa chupa ya nusu lita, huna kosa, lakini toka na karatasi za kulazwa. Ukitundikiwa sebuleni na muuguzi jirani kwa sababu "umechoka baada ya mazoezi", umeshavunja sheria.

Miraa inakatazwa?

Siku ya mashindano, ndiyo. Miraa ina kathini na kathinoni, na zote mbili zimo kwenye orodha ya vichangamshi. Kathini inahesabiwa kosa ikipita maikrogramu 5 kwa mililita. "Siku ya mashindano" huanza dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia mbio, lakini mwili haujui saa: uliyotafuna jioni bado itakuwa kwenye mkojo asubuhi.

Bhangi nayo ni hivyohivyo. Sha'Carri Richardson wa Marekani alikosa mita 100 za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu yake.

Kahawa? Chai ya maziwa? Mursik, maziwa yetu ya kugandisha?

Kunywa. Kafeini iliondolewa kwenye orodha mwaka 2004.

Mimi nina pumu. Niache kukimbia?

Hapana. Inhela ya salbutamoli inaruhusiwa bila kibali hadi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, mradi usivute zaidi ya 600 katika saa 8 zozote. Kwa dawa nyingine zilizo marufuku, kama insulini ya mwenye kisukari, unaomba kibali cha matumizi ya tiba. Mkimbiaji wa kitaifa hukiombea ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na pufya. Wa kimataifa hupitia shirikisho la dunia. Unakiomba kabla ya kutumia dawa. Baada ya tukio kinakubaliwa kwa nadra, hasa ikiwa ilikuwa dharura ya kuokoa maisha.

Wanawake wanaotumia dawa za kupanga uzazi wana hatari?

Zinaruhusiwa. Ila zile zenye norethisteroni huweza kuacha kwenye mkojo alama kidogo inayofanana na ya nandroloni. Maabara hulijua hilo na hulichunguza, hivyo ziandike kwenye fomu bila haya.

Ruth Chepngetich alisema alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Utetezi huo haukutosha?

Haukutosha. Chepngetich ndiye mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10: 2:09:56, Chicago, Oktoba 13, 2024. Sampuli ya Machi 14, 2025 ilikutwa na HCTZ, dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, kiasi cha nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati maabara hutakiwa kuripoti ikizidi 20. Dawa za kukojoza haziongezi kasi. Zimo kwenye orodha kwa kuwa zinaweza kuzimua mkojo hadi dawa nyingine zisionekane.

Mwanzoni alisema hajui ilikotoka. Baadaye akasema aliugua, akatumia dawa za mfanyakazi wake bila kuuliza ni za nini. AIU, kitengo cha uadilifu cha riadha kilichoanzishwa 2017 na kinachoendesha kesi za wanariadha wa kimataifa, kiliona kwamba mtu wa kiwango chake kumeza kidonge asichokijua ni uzembe uliopitiliza. Kilidai miaka 4, ukapunguzwa mmoja kwa kukiri mapema, akafungiwa miaka 3.

Kanuni nyuma ya hukumu hiyo ni ngumu lakini ni fupi: kilicho mwilini mwako ni chako. Anayekushtaki hahitaji kuonyesha kwamba ulikusudia ili upatikane na hatia. Nia na uzembe hujadiliwa kwenye urefu wa adhabu.

Basi rekodi ya Chicago inafutwa?

Haifutwi. Matokeo yanayofutwa ni ya kuanzia siku sampuli ilipochukuliwa, na Chicago ilikuwa miezi mitano kabla. Wapo wanaokasirika, na tunawaelewa, lakini hakuna sampuli ya siku hiyo iliyomtia hatiani.

Ikiwa kesi inatokana na pasipoti ya damu, mambo hugeuka, maana ushahidi unaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Abraham Kiptum alipoteza hivyo rekodi ya nusu marathoni ya 58:18 aliyoiweka Valencia mwaka 2018. Rhonex Kipruto naye alipoteza rekodi ya kilomita 10 barabarani, 26:24, pamoja na shaba ya mita 10,000 ya mashindano ya dunia ya Doha 2019.

Pasipoti ya damu ni nini? Inawezaje kumtia mtu hatiani bila dawa kuonekana?

EPO ya dozi ndogondogo hutoweka haraka, pengine ndani ya siku moja au mbili. Inachokiacha ni nyayo. Ukipimwa damu mara nyingi kwa miaka, hemoglobini yako na idadi ya chembe changa nyekundu hutengeneza mchoro wako wewe, wala hulinganishwi na mtu mwingine. Chembe changa zikijaa ghafla wiki mbili kabla ya mbio, kisha zikakauka huku hemoglobini ikiwa juu, wataalamu watatu huangalia bila kujua jina lako. Kukaa nyanda za juu, kuugua na ujauzito huzingatiwa. Tangu mwaka 2018 kuna maabara Nairobi inayopima damu kwa kazi hii, na hapo ndipo mchezo ulipobadilika, kwa sababu wapimaji hawategemei tena ndege ya kwenda Ulaya.

Kwa nini mtu anafungiwa kwa "kutopatikana" tu?

Wakimbiaji wa juu walio kwenye orodha maalum ya kupimwa huandika kwenye mfumo wa mtandaoni mahali watakapolala kila siku, na saa moja, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambayo lazima wawepo mahali walipopataja. Kukosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa, kwa kawaida miaka 2. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1,500 wa 2017, aliangukia hapo.

Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa 2:03:23, alikosekana mara nne. Moja ya sababu zake ilikuwa ajali ya barabarani, na picha akaitoa. Wachunguzi wakagundua kwamba ajali ya kwenye picha ilitokea miezi kadhaa baada ya siku aliyokosekana. Alipata miaka 4.

Si jambo geni kwetu. John Ngugi, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1988, alifungiwa miaka 4 mwaka 1993 kwa kukataa kutoa sampuli kwa mgeni aliyefika kwake bila taarifa, ingawa baadaye adhabu ilikatizwa. Siku hizo wengi hawakuwa wamewahi hata kusikia kwamba mtu anaweza kuja nyumbani kuomba mkojo.

Wapimaji wakija, wanafanya nini hasa?

Wanabisha mlango, wanakuonyesha kitambulisho, na kuanzia hapo hutoki machoni mwao. Unaoga? Wanaona. Wa jinsia yako anasimama nawe chooni, unashusha suruali hadi magotini na kupandisha fulana hadi kifuani, naye anautazama mkojo ukitoka mwilini. Zinatakiwa angalau mililita 90. Aliyetoka mbio ndefu anaweza kukaa saa mbili akinywa maji chupa baada ya chupa, na mke anapika chakula cha jioni huku wageni wamekaa sebuleni wakisubiri.

Chupa mbili, A na B, unazichagua mwenyewe, unamimina mwenyewe, unazifunga mwenyewe hadi kifuniko kigonge. Soma nambari ya kwenye chupa na ya kwenye fomu kwa sauti. Andika kila dawa na kirutubisho ulichotumia kwa siku 7 zilizopita. Kama kuna lililokukera, liandike pale pale kabla ya kutia sahihi. Maabara haipewi jina lako, na sampuli inaweza kuhifadhiwa na kupimwa tena hadi miaka 10.

Vitu gani halali vinasaidia kweli?

Bekingi soda, kwa mbio za dakika moja hadi kumi hivi. Hupunguza asidi misulini. Dozi iliyochunguzwa ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 18 kwa mtu wa kilo 60, na tumbo la wengi hulikataa vibaya. Lijaribu mazoezini, na choo kiwe karibu. Juisi ya bitiruti ina naitreti na husaidia kidogo. Hema la hewa nyepesi, la kulalia kana kwamba uko nyanda za juu, linaruhusiwa. Kuvuta gesi ya kaboni monoksaidi ili kuongeza damu kulipigwa marufuku kuanzia Januari 2026, na kwa maoni yetu kulichelewa.

Viatu vile vinene navyo si pufya?

Kisheria, la. Tangu 2020 kiatu cha barabarani kinaruhusiwa soli isiyozidi milimita 40 na bamba gumu moja ndani. Sheria hiyo ina meno: Vienna, Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza na soli ya milimita 50, akaondolewa, ushindi akapewa Mkenya Leonard Langat. Kama ni haki kwa kijana wa kambini anayekimbia na viatu vya mtumba dhidi ya mwenye jozi mpya kila mwezi, hilo ni jambo lingine, na jibu letu ni hapana.

Kwa nini wengi hivi kutoka Kenya?

Zaidi ya Wakenya 100 wamefungiwa tangu AIU ianze kazi. Tuna wakimbiaji wengi wa kulipwa kuliko karibu nchi yoyote, na wengi hukimbilia barabarani ambako pesa ni za siku moja. Mshindi wa Chicago hulipwa dola 100,000, takriban shilingi milioni 13. Hiyo ni shamba, nyumba ya kukodisha mjini na karo ya wadogo zake wote. Mshindi wa mbio ndogo huko Ulaya hupata sehemu ndogo tu ya hiyo, lakini kwao bado ni nyumba. Hapo hapo dawa zinapatikana dukani bila cheti cha daktari, na kila kambi ina mtu anayejiita daktari. Ukiondoa hilo la maduka, kesi nyingi zingekosa mahali pa kuanzia. Tunaona ajabu kwamba miaka yote hii wanaofungiwa karibu wote ni wakimbiaji, na wauzaji wengi hawajulikani hata kwa sura.

Serikali imefanya nini?

Sheria ya kupambana na pufya ilipitishwa 2016, mwaka uleule ambao WADA iliitangaza Kenya kuwa haijatimiza masharti, Mei, kabla ya kuirejesha Agosti mwaka huo. Mwishoni mwa 2022, nchi nzima ikikaribia kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Wapimaji wameongezeka, na wanaonaswa pia.

Aliyekuwa wa pili anapata medali lini?

Huchukua muda. Edna Kiplagat alitangazwa bingwa wa Boston 2021 baada ya Kipyokei kuondolewa. Asbel Kiprop mwenyewe aliipata hivyo dhahabu ya Beijing 2008, Rashid Ramzi wa Bahrain aliponaswa. Dhahabu hiyo bado ni yake, maana kosa lake ni la 2017.

Nimeona mtu akiuza sindano kambini kwetu. Nimwambie nani?

ADAK na AIU wote wana njia za kuripoti mtandaoni bila kutaja jina. Andika lini, wapi, na kama unaweza, jina lililo kwenye chupa. Usimwendee muuzaji mwenyewe, wala usianzie kwa kocha kabla hujajua anasimama upande gani.